Leo Usipike, Mwanabibi

Nipeni masikio, wanangu, na wewe Amri zima hiyo simu, maana kila ikilia mimi napoteza nilipokuwa nimefika, na pumzi nilizobakiwa nazo si za kurudia maneno. Muzdalifa, niinue kidogo, niwekee mto mgongoni, hapo hapo. Mshamu, ingia ndani, usisimame mlangoni; sikukuzaa mimi, mama yako ni Mwanabibi, mke mwenzangu, lakini wali wa jiko langu umeula kabla hujajua kutembea, na nitakayoyasema leo yanakuhusu wewe sawasawa na hawa wawili niliowazaa.

Najua mnasubiri nitaje nyumba na mikorosho. Nitafika huko. Kwanza itazameni hiyo meza. Kuku wa kukaanga, matufaha, maboksi ya juisi, mkate wa kutoka Dar es Salaam ambao umeshaota ukungu, ndizi zimekuwa nyeusi. Kila aliyeingia humu kaingia na mfuko, kauweka, kaniuliza hali, kisha kakaa pembeni na simu yake. Mimi kooni hakipiti kitu ila uji mwepesi, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kabla ya kununua. Siwalaumu, najua ni mapenzi, ila nikikitazama chakula hicho kinavyoharibika mbele yangu najiona nimeshaondoka. Mkitoka hapa, kinacholika mpelekeeni jirani yetu Zaitun, nyumba yake imejaa watoto, na kisicholika kitieni kwenye shimo la migomba. Kisilale humu.

Baba yenu Haidari alipokuwa hai, uwanja huu ulikuwa na majiko mawili na zamu moja. Siku yangu napika mimi na kila mtu anakula kwangu, siku ya Mwanabibi tunahamia kwake, wanaume sinia lao, sisi na watoto letu, na kwenye sinia chakula hakibaki, kwa sababu mwenye njaa zaidi anaendelea pale aliyeshiba alipoinua mkono wake. Ukoko mliugombania mpaka baba yenu akawa anaugawa mwenyewe. Machicha ya nazi yalikwenda kwa kuku, maganda ya muhogo kwa mbuzi, maji ya kuoshea mchele kwenye mchicha. Vichwa vya kamba waliotoka pwani ya Nyamisati tulivikausha juani tukavitwanga, tukavitia kwenye mchuzi siku isiyo na kitoweo. Wali uliolala tuliusaga pamoja na mchele uliolowekwa, nanyi mkaenda shule na vitumbua mikononi. Tusijisifu kwamba tulikuwa na akili sana. Watu walikuwepo, basi chakula kilikuwa na pa kwenda.

Sasa nasema lile ambalo hakuna anayelitaja katika nyumba hii. Arobaini ya baba yenu. Wewe Amri ulisema hitima isomwe kwangu kwa kuwa mimi ndiye mke mkubwa, na wewe Mshamu ukasema isomwe kwa mama yako kwa kuwa marehemu alifia kitandani kwake, mkavutana mpaka wazee wa hapa kijijini Mtawanya wakachoka kuwasuluhisha, na mwisho wake mkawasha mafiga pande mbili, sufuria kubwa la pilau huku na sufuria kubwa la pilau kule, kwa mtu mmoja aliyekufa. Mvua ikanyesha tangu alfajiri, barabara ikawa tope tupu, watu waliotoka Kibiti na Ikwiriri wakageuza njiani. Wachache waliofika walisimama katikati ya uwanja hawajui wakae upande gani wasimuudhi nani, na wengi waliona bora waondoke na njaa zao. Wewe Amri uliwakataza watu wako wasile kwa Mshamu, na Mshamu akawakataza wake wasile kwako, mkalala wote mmenuna.

Asubuhi pilau limechacha. Mlichimba shimo nyuma ya choo, mkamwaga la huku na la kule, mkafukia. Mwanabibi alikuwa amesimama kwenye mlango wake na mimi kwenye wangu, tukatazama wali wa mume wetu ukifunikwa mchanga. Nilitaka kumwita. Naye, alikuja kuniambia baadaye, alitaka kuniita. Lakini kila mmoja alikuwa na mwanawe pembeni amekunja uso, na mtu hamuaibishi mwanawe mbele za watu. Wiki ile ile Amri ukaweka uzio wa makuti katikati ya uwanja, kisha mkapanda magari, kila mmoja akarudi mjini kwake na shughuli zake. Ugomvi ulikuwa wenu, mkatuachia sisi kununiana.

Niacheni ninywe maji. Kidogo tu. Haya.

Mnajua kilichonishinda nilipobaki peke yangu? Si giza, wala si ukimya. Ni sufuria. Mkono wangu ulishazoea kupimia watu, na kila nilipoupunguza unga, bado ugali ulinitazama ukiwa mkubwa. Nikinunua samaki mdogo kabisa, ananishinda. Asubuhi kiporo, mchana kiporo, jioni nakimwagia kuku, na kuku wangu walinenepa huku mimi nguo zinanipwaya. Amri, ulikuwa unapiga simu kila Ijumaa unaniuliza, mama umekula, nami nikakujibu nimekula, na ilikuwa kweli, nilikula. Hukuuliza nimekula na nani. Muzdalifa naye alinitumia hela, Mungu amlipe, nikanunua mchele mzuri, nikaupika, nikakaa kitako na sinia lile lile la zamani, na ukubwa wa sinia lile ukanifanya nilie. Nililia kama mtoto, nawaambieni wazi, kisha nikauosha uso kabla Zaitun hajapita.

Na yule wa upande wa pili wa makuti nilikuwa nasikia mwiko wake tu. Nasikia anakwangua sufuria, nasikia anakohoa, siku nyingine nasikia anaongea na mbuzi. Siku nzima huenda yule mbuzi ndiye pekee aliyeongea naye. Tumelala na mume mmoja, tumemzalia watoto, nilimfunga kanga mimi mwenyewe siku aliyokuja kuolewa humu, halafu uzio wa makuti unatuzuia kuamkiana. Kila nikitaka kwenda nasema, yeye mdogo, aanze yeye. Naye, nadhani, alikuwa anasema, yeye mkubwa, anite yeye.

Kisha ukaja mwaka ule wa mafuriko makubwa, Rufiji ikameza mpunga wetu wote kule bondeni, mchele ukawa wa kununua dukani hata kwetu sisi tuliozaliwa kwenye mpunga. Asubuhi moja natoka na ungo wangu kuwamwagia kuku ugali uliolala, nawaita, hawaji. Wamepita chini ya makuti, wako upande wa pili wanadonoa. Nikachungulia. Mwanabibi alikuwa ameinama, amemwaga ugali wake uliolala, nusu nzima, umekatwa sawasawa, upande mmoja umeliwa na upande mwingine haujaguswa. Nikatazama ungo wangu. Nusu nzima. Mwaka wa njaa, vijiji vizima vinasubiri msaada, na wajane wawili wa mtu mmoja kila jioni tunasonga ugali wa watu wawili, kila mmoja anakula wake na kumwaga wa mwenziwe.

Sikufikiri. Nilivuta makuti nikapita, nguo ikachanika begani, nikasimama mbele yake na ungo wangu. Nikamwambia, "Leo usipike, Mwanabibi."

Akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Basi kesho usipike wewe, dada."

Ni hayo tu. Hatukuombana radhi, hatukumtaja Amri wala Mshamu, na yale mapilau mawili hatukuyasema mpaka ilipopita miezi. Zamu ikarudi vile vile alivyoiacha baba yenu. Siku yangu anakuja yeye, siku yake nakwenda mimi, sinia moja, na tukila tunasikilizana tunavyotafuna, hata kama hatuna cha kuongea. Amri, uliposikia uzio wako haupo, uliniuliza kwa simu kama umeng'olewa na upepo. Haukung'olewa na upepo. Tuliuchoma kuti moja moja, ukatuivishia kunde na mihogo, ni makuti makavu mazuri, hayana moshi mwingi. Na pale mlipofukia pilau tukapafanya shimo la maganda, tukapanda migomba, na ndizi mlizozila mchana mlipofika zimetoka hapo.

Tangu siku ile hakijamwagwa chakula katika uwanja huu. Mpaka nilipougua.

Hapa ndipo nataka mnisikie vizuri, kwa sababu hili ndilo linaloninyima usingizi, na mauti yenyewe hayanitishi hivyo. Mwanabibi hajui kupika chakula cha mtu mmoja. Tangu nilale hapa bado ananipimia, ananiletea bakuli, nalamba kijiko, analirudisha anafunika na kawa ili nisione. Jana nilisikia kuku wanagombania kitu upande wake. Nikajua. Ameanza tena kumwaga nusu. Mimi nikishazikwa ninyi mtakaa siku tatu, mtakula, mtalia, mtarudi mjini, na yeye atabaki na sufuria lile anasonga unga wa watu wawili, na safari hii hata akichungulia hataniona.

Basi nausia hivi. Ninyi nyote mliomo humu ndio mashahidi wangu. Mwanabibi si mrithi wangu, na dini yetu imeniruhusu kumwachia asiyerithi mpaka theluthi. Theluthi yangu ni yake: ile mikorosho ya upande wa juu, mbuzi jike na mwanawe, na masufuria yangu yote. Sinia mpeni mkononi, msimtumie mtu. Kilichobaki, nyumba hii na mikorosho ya chini na kijishamba cha bondeni, Amri na Muzdalifa gawaneni kwa sheria mbele ya shehe, na asiyeridhika aniambie sasa, nikiwa bado naweza kumkasirikia.

Amri, yale matofali uliyoyapanga nyuma ya choo nimeyaona. Unataka ukuta. Makuti yamechomeka, sasa unataka kitu kisichochomeka. Kwa matofali hayo mjenge jiko, wewe na Mshamu, jiko moja, hapo hapo katikati uzio ulipokuwa, na arobaini yangu ipikwe humo. Sufuria moja. Ulizeni kwanza nani anakuja ndipo mpime mchele, na ninyi wawili mle sinia moja, watu wawaone. Kitakachobaki kifungeni kikiwa bado cha moto, kiende majumbani siku hiyo hiyo, kwa Zaitun, kwa wagonjwa, kwa yeyote aliyekwama njiani kwa mvua. Nikifukiwa mimi inatosha. Msinifukie na wali.

Muzdalifa, wewe tangu uachike unapanga chumba Ikwiriri na unakula kwenye mfuko wa plastiki umesimama, mama anajua, usidhani sijui. Nyumba hii siwezi kukuusia, maana mrithi hausiwi, ila naomba. Ukae humu. Ule na mama yako mdogo, zamu kwa zamu. Akikosea chumvi usimwambie. Amri, kubali dada yako akae. Usiitikie kwa kichwa, nataka sauti, na Mshamu asikie.

Haya. Nimekusikia. Naye amekusikia.

Na ninyi wa mbali, msimtumie Mwanabibi hela mkadhani yamekwisha. Hela ya kwenye simu hainawi mikono ikakaa naye mkekani. Njooni. Hata mara chache, hata bila mfuko, njooni na njaa, maana hicho ndicho mwanamke mzee anachokosa, mtu mwenye njaa anayefungua mlango wake. Mimi nilikikosa miaka mingi. Sikuwaambia kwa sababu mlikuwa na maisha yenu, na nilikuwa naona haya kuomba.

Niteremshe, Muzdalifa. Mgongo umechoka. Hivyo.

Nimewasamehe lile shimo. Mwenyezi Mungu awasamehe na ninyi, awape riziki ya kutosha, isizidi mkashindwa kuila, isipungue mkanyimana, awajaalie uzeeni mwenu mtu wa kukaa upande wa pili wa sinia. Awaunganishe. Amri... Mshamu... mshikaneni mikono nione. Si hivyo, mnashikana kama mnaokota kaa la moto. Haya, vizuri. Vizuri.

Nazisikia ndala nje, ni zake. Naijua miguu yake. Mfungulieni mlango, ana bakuli, hana mkono wa kufungulia. Asante, mwanangu. Msitoke, kaeni.

Mwanabibi. Kaa hapa, kitandani, hapana neno. Umetia tangawizi, naisikia. Usifunike. Naona yote... najua unachofanya. Walete vijiko viwili. Nami nitakula... kijiko, viwili. Nimewaambia, mwenzangu, nimewaambia yote. Mwanao yupo na wanangu wapo.

Polepole. Inatosha.

Hiyo nusu yangu... ule wewe, mbele yangu. Ule nikuone. Isibaki.