Daftari Mama Alingojea

Bandugu, hii sijaisema hata siku moja mbele ya bantu, lakini leo nitasema.

Mbele vita ianze nilikuwa mwanafunzi wa elektroniki kule Lubumbashi. Profesa alitufundisha VHDL, lugha ya kuandika sakiti, ni kusema njia za umeme ndani ya mashini. Hauchore waya. Unaandika kwa maneno alama gani inaingia, gani inatoka, na nini ifanyike katikati. Ordinateri, ile kompyuta, inatengeneza sakiti kufuata maneno yako. Mi niliandika sakiti ya kuongoza pompi ya maji: maji ikipunguka kwa tanki, iwake, ikijaa, izime. Ilikuwa kazi yangu ya kumaliza masomo. Ordinateri ilikuwa moja kwa banafunzi bote, basi yote niliandika kwa mukono ndani ya daftari, nikakuja nayo likizo hapa kwetu Baraka.

Siku masasi ilianza kulia, tulikimbia ku mutumbwi, mi, mama na dada yangu mudogo. Njiani nikakumbuka daftari. Mama akanishika mukono.

“Mwanangu, acha hiyo karatasi.”

“Mama, ningojee kidogo tu.”

Akaningojea. Bandugu, nabaambia, niliporudi na daftari mama alikuwa amelala pa njia, risasi imemupata. Dada yangu alikuwa anamupangusa uso. Hatukupata hata nafasi ya kumuzika.

Tulivuka maji kwa mutumbwi mpaka rasi ya Ubwari. Kule nilikunywa lotoko, ile pombe kali, miaka mizima, sisemi na muntu. Daftari ilikuwa chini ya mukeka. Sikuweza kuifungua, sikuweza kuitupa.

Siku moja dada akaitoa. “Yaya,” ndivyo ananiita, mi mukubwa wake, “nisomee. Nataka nijue mama alingojea nini.”

Nikataka kutoka. Akakaa pa mulango. Basi nikasoma, mustari kwa mustari, nikimueleza. Katikati nikafunga daftari. Nikasema, “Ni mi nilimuua mama.”

Dada akanijibu: “Mwenye alimuua alikuwa na bunduki. We ulimungojesha. Hiyo uilie. Ile ingine si yako.”

Toka pale niliacha pombe. Vita ilipotulia nilirudi masomoni, nikamaliza, leo ninafundisha. Lakini pa ile njia, mpaka sasa, sipitake, nazunguka kwingine.

Namushukuru dada yangu, na bamama wa Ubwari benye walitulisha samaki bila kutuuliza kitu. Bandugu, kama kuna jambo unajihukumu nalo peke yako, mwambie muntu mwenye anakupenda. Haitamaliza kilio. Mi ningali nalia. Lakini sasa tunalia bawili.