Papa Hilaire Anashuka Paani: Wa Pili Wake Amepatikana

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Papa Hilaire Bauma anamaliza miaka thelathini na miwili ya kazi katika Kituo Sikilizana, kituo cha mawasiliano cha hapa Mweso. Neno "anamaliza" tunaliandika kwa sauti ya chini, maana tumeshaliandika mara mbili kabla ya leo, na mara zote mbili tulidanganya watu. Mara ya kwanza mbuzi wa kumuaga aliliwa mpaka mifupa, hotuba zikasomwa, tukalia. Jumatatu yake mwenzetu alikuwa juu ya paa la nyumba ya mwalimu, anageuza antene. Mara ya pili alifika mbali kidogo: mizigo ilikwisha kufungwa kwenye moto, ile pikipiki ya safari, moto imewashwa, ndipo simu ikalia kwamba rezo, mtandao wetu, imeanguka upande wa soko. Akashuka. Dereva wa moto alikunywa chai yetu, akaenda zake.

Safari hii, Mungu ashukuriwe, anakwenda kweli.

Anakwenda Ntoto, kule Walikale, kwa Mama Athanasie, mke wake. Wengi wenu mnamjua kwa sauti tu. Alirudi Ntoto zamani kulima shamba la wazazi wake, akajenga nyumba, akaisiriba udongo mweupe, akangoja. Mumewe alikuwa mgeni wa Noeli, tena pale barabara inapokubali tu. Mama Athanasie akipiga simu aliuliza jambo moja: unakuja lini? Jibu lilikuwa moja pia: rezo ikitulia. Na rezo, jamani, mnaijua.

Papa Hilaire aliingia kazini akiwa kijana mwembamba, akawekwa kwenye foni. Kwa watoto wasioijua, foni ni ile redio ya betri ya gari na waya mrefu uliotandazwa kati ya miti miwili, na kabla ya simu za mkononi ndiyo ilikuwa mdomo wetu sisi wote. Mtu alikuja na jina tu: namtaka Anastasie wa Ntoto. Hilaire aliuliza, ni yule muuza mawese ao ni yule mke wa katekista? Kisha alijua aite kituo gani, na saa ngapi Anastasie huyo hupita karibu. Wewe ulileta jina, yeye alikupa njia. Shikeni hilo, tutalihitaji huko mbele.

Foni haikujua siri. Aliyekaa kwenye foni ya Nyamitaba alisikia ya Ntoto yote. Papa Jérôme, mtu wa hapa Mweso, aliwahi kumwomba mke wake msamaha kwa foni, na wiki nzima watu wa Nyamitaba waliokuja sokoni walimuuliza kama alisamehewa. Lakini Hilaire, aliyesikia kuliko sisi wote, hakuna aliyewahi kumsikia akirudia neno. Misiba, posa, ugomvi wa mashamba, watu waliokimbia wakitafutana, vyote vilipita masikioni mwake vikabaki humo. Hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza, na hatuioni ofisini mara nyingi, mimi nikiwemo.

Zikaja simu, foni ikanyamaza. Miaka ya karibuni Kituo kikaweka sahani ya setilaiti, kikaanza kugawa rezo kwenye nyumba za watu kwa antene ndogo zilizofungwa kwenye miti iliyosimikwa juu ya mapaa. Papa Hilaire akawa mtu wa rezo. Alijifunza haraka, lakini alikuja na mazoea yake ya foni, na mazoea yenyewe ni haya: kitu kikigoma, geuza antene. Wakati wa foni ilikuwa kweli. Watu wa mlima wetu wote wakaambukizwa. Leo ukipita Mweso jioni ya rezo mbaya, utaona baba yuko juu ya bati, mama kasimama mlangoni na simu mkononi, wanajibizana kwa sauti, inapita? haipiti! geuza tena! Wageni hudhani ni mchezo wa hapa kwetu.

Basi mwezi wa saba mwaka huu, tukijiandaa kumuaga kwa mara ya tatu, rezo za nyumbani zikaanza kuugua ugonjwa wa ajabu. Unafungua ukurasa, kinazunguka kile kiduara, kinazunguka, halafu unaambiwa hakuna ukurasa wa namna hiyo. Hakuna vipi, wakati jana tu niliusoma! Mimi ndiye ninayepokea simu hapa Kituoni, na nawaambia siku zile nilitamani kuitupa mtoni. Papa Hilaire alipanda paa baada ya paa na goti lake bovu. Aligeuza antene mpaka nyingine zikawa zinatazama mawingu. Tarehe ya kustaafu ikasogezwa. Mama Athanasie alipoambiwa alikata simu, na mumewe alisema afadhali angemtukana.

Aliyetutoa shimoni ni Mama Kavira, yule mwenye duka la vitambaa, mtu wa Butembo. Papa Hilaire alikuwa juu ya paa lake kwa mara ya tatu wiki hiyo, naye Mama Kavira chini akichoka kujibu inapita haipiti. Akamwambia kitu cha wazi kabisa ambacho sote tulikipita juu: hapa chini dada yake wa Butembo anamletea sauti kwa WhatsApp, moja baada ya nyingine, bila shida; kurasa ndizo hazifunguki. Kama antene ingekuwa mgonjwa, hiyo sauti ya dada ingepitia wapi? Papa Hilaire akaiachia antene. Halafu akasikika anacheka peke yake, mpaka majirani wakatoka nje kutazama kama jua limempiga.

Njia ilikuwa nzima muda wote! Kilichougua ni mtoa majina. Ukurasa wowote una jina tunalolijua sisi na namba inayojulikana na mashine. Ukiandika jina, ruta, kile kisanduku cha rezo cha nyumbani, inakwenda kuuliza mahali fulani: huyu anakaa namba gani? Mahali hapo panaitwa DNS. Ikijibu, unafika. Isipojibu, unabaki na kiduara chako, hata kama barabara ni nyeupe. Papa Hilaire alishuka, akajaribu kufika mahali kwa namba badala ya jina, akafika mara moja. DNS tuliyopewa pamoja na rezo ndiyo iliyokuwa inasinzia. Na yeye ambaye kazi hiyo hiyo aliifanya kwa mdomo wake miaka yote ya foni, alikuwa amegeuza antene wiki nzima! Alijicheka kabla hatujamcheka, akatunyima raha.

Sasa dawa. Zipo DNS za wazi, za bure, ambazo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuziuliza, na namba zake ni nyepesi kushika. Kuna nane nne (8.8.8.8), kuna moja nne (1.1.1.1), kuna tisa nne (9.9.9.9), na nyingine. Ya kuchagua ikatuletea mabishano ya siku kadhaa, sebuleni kwa Mama Kavira, kwa kuwa Papa Hilaire alikataa kupima ofisini. Alisema ofisini hakuna anayepika huku anatazama simu. Tupime palepale watu wanapoishi.

Yeye mwenyewe alitaka ile inayojibu haraka. Guylain, fundi wetu, alitaka ile inayosema wazi inaweka nini kuhusu sisi na kwa muda gani, maana anayeulizwa majina yote anajua nyumba nzima inatazama nini. Hapo Papa Hilaire alitikisa kichwa sana. Nadhani alikumbuka msamaha wa Papa Jérôme. Mama Kavira alitaka ile inayokataa kurasa za wezi, kwa vile msichana wake wa dukani alikwisha kubonyeza tombola ya uongo, bahati nasibu ya matapeli, na simu ikamgeukia shetani. Kwa wepesi wa kujibu, kwetu zote zilikaribiana, tofauti usingeisikia ukiwa unakaanga ndizi. Kwa hiyo Mama Kavira na Guylain walishinda, tukachukua tisa nne, ambayo inazuia kurasa mbaya inazozijua.

Halafu Papa Hilaire akasema moja haitoshi. Kwenye ruta kuna nafasi mbili, na aliyeacha ya pili tupu anaomba balaa lirudi. Tena ya pili iwe ya kampuni nyingine, zisilale siku moja. Na iwe nayo inakataa wezi, kwa sababu ruta huweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili, na mlango mmoja ukiwa wazi umefanya kazi bure. Tukaweka moja-moja-moja-mbili (1.1.1.2), ndugu ya moja nne. Tuliziandika ndani ya ruta yenyewe, ili kila simu ya nyumba ifuate bila kuguswa. Ukurasa wa kwanza ulipofunguka, Mama Kavira alipiga vigelegele kana kwamba mtu kaolewa. Oyo! Mimi nilikaa chini tu. Simu ya Kituo haikulia mchana mzima, na nilidhani imekufa.

Niongeze, kwa faida ya wanaonisimamisha njiani: DNS haikuongezei mega, haifanyi video ya mjomba ishuke upesi, wala mvua ikiangusha mti wa antene haitakusaidia. Inakupa njia ya jina, basi.

Jioni ile Papa Hilaire alimpigia Mama Athanasie kujisifu. Alimweleza yote, na hasa habari ya nafasi mbili: mmoja akilala, mwenzake anajibu, na nyumba haijui hata kwamba kulikuwa na shida. Alitegemea pongezi. Mama Athanasie alisikiliza mpaka mwisho, akamuuliza: "Na weye, Hilaire, wa pili wako njo nani?"

Alitusimulia kesho yake asubuhi, na hakuwa anacheka. Kwa muda huo wote sisi wote tulikuwa na nafasi moja iliyojazwa, na ya pili tupu, na jina lililokuwa kwenye ya kwanza lilikuwa lake. Akiugua, tunasimama. Akitaka kwenda kwa mke wake, tunamvuta shati. Nasema ukweli, tulimpenda vibaya. Siku hiyo hiyo Kituo kiliamua: Guylain achukue nyumba za juu, mimi nichukue za soko, na kila mmoja ajue za mwenzake. Ndiyo, mimi, wa simu! Papa Hilaire alitufundisha miezi hii mitatu, nyumba kwa nyumba. Mlango kwa mlango aliwafundisha hata wenye nyumba, akawaandikia zile namba kwa chaki ukutani juu ya ruta. Somo lake ni hili: kwanza tazama kama sauti za WhatsApp zinaingia, ndipo uguse kitu. Ngazi iwe ya mwisho.

Papa Hilaire, sasa nakusemesha wewe mwenyewe. Kuna jambo hatukukuambia. Jumatano iliyopita, ulipokuwa kwa Mama Kavira unakula wali wa kuagwa, umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, na ruta za soko zikasahau namba zote. Nyumba nyingi, kwa pamoja. Mke wa mwalimu alizirudisha kwake mwenyewe kwa kusoma ukutani. Mimi nilizunguka zilizobaki, Guylain akanijia kwa upande wa juu, tukakutana katikati tukitoka jasho. Wote walikatazwa kukupigia. Mama Kavira alijua, alipigiwa ukiwa umekaa mbele yake, akakuongezea mchuzi. Ulirudi kulala hujui kitu, na hicho njo kilikuwa cheti chako cha kustaafu.

Asante kwa kila jina ulilotubebea, kwa kila jamaa uliyemtafuta kwenye foni mpaka akapatikana, na kwa kila siri uliyoiacha ife humo ndani yako. Asante kwa goti. Ngazi tumeifungia stoo, na ufunguo hatukuambii ulipo. Ukisikia kwamba rezo ya Mweso imeanguka, kaa kwako, nywa kahawa, uliza tu kama tumekula. Uishi vizuri na kwa muda mrefu, Papa, katika ile nyumba nyeupe.

Na wewe Mama Athanasie, moto imeondoka asubuhi, tumeitazama mpaka ikapotea kwenye kona. Simu yetu haijalia. Weka maji ya kuoga motoni: huyu anakuja.

Gaëlle Mbambu, wa simu, kwa niaba ya wenzako wote wa Kituo