Leona Averbeck Pruitt na Jenerali Wetu wa Ukoo

Leona Gertrud Averbeck alizaliwa tarehe 11 Machi 1941 katika shamba la Averbeck, nje kidogo ya Osterberg, Missouri. Wazazi wake walikuwa Bernard na Hedwig Averbeck. Kaka yake Norbert alimtangulia kwa miaka mitatu, na hakuchoka kumkumbusha.

Alisoma shule ya parokia ya Mtakatifu Ludger, akamaliza sekondari mwaka 1959. Masista walimsifu kwa mwandiko na kumlalamikia kwa maswali. Kijerumani alikipata kwa bibi yake, kile cha nyumbani, cha kugombezea kuku.

Kwa miaka mingi alishona ngozi katika kiwanda cha viatu. Tarehe 9 Juni 1962 alifunga ndoa na Verlin Pruitt, Mbaptisti kutoka milima ya kusini, wakajaliwa Rosalie na Dale. Norbert alikuwa ameshahamia mjini kuuza matrekta, hivyo Mzee Bernard alimwachia Leona shamba. Kila Krismasi Norbert alikula soseji za Verlin na kumwita "mgeni wetu". Verlin alicheka. Leona hakucheka.

Alipostaafu mapema, mwaka 1990, Leona aliamua kumtafuta babu aliyetuleta kutoka Ujerumani. Jiwe la kaburi lake, hapo nyuma ya kanisa, limeandikwa "Hinr. Deppe gen. Averbeck". Vizazi vitatu tuliisoma ile "gen." kama kifupi cha "General" cha Kiingereza, kwamba babu alikuwa Jenerali Averbeck. Kwenye mkutano wa ukoo, kila Julai, Norbert alivaa kofia yenye manyoya na kutuongoza kunywa bia kwa heshima ya jenerali. Leona alitaka tu kujua ni jeshi gani. Akaandika barua huku na huko miaka tisa, na jenerali hakuonekana katika jeshi lolote. Hata kumbukumbu ya ubatizo wake haikuonekana.

Oktoba 1999 Verlin alirudi kutoka kinu cha chakula cha mifugo akinung'unika.

"Wameniita tena Averbeck. Miaka thelathini na saba niko hapa, mimi ni Pruitt!"

"Mtu huitwa kwa shamba analokaa, mume wangu," Leona akamtania. Kisha akaweka sufuria chini. "Verlin. *Genannt*. Ile 'gen.' si jenerali. Maana yake ni 'aitwaye'."

Babu alikuwa Deppe. Alioa binti wa shamba la Averbeck, na kwa desturi ya kwao akaitwa kwa jina la shamba la mkewe. Safari hii Leona aliulizia Deppe, na ubatizo ukapatikana mara moja.

Alipotangaza hayo kwenye mkutano uliofuata, wengine tulicheka hadi machozi. Norbert alivua kofia. "Umetuvua nguo mbele za watu, Leona," akasema, akaingia kwenye gari lake. Karibu miaka minne hakumsemesha. Leona alimpelekea kadi kila sikukuu, hakuna iliyojibiwa, na jambo hilo lilimuuma kuliko maradhi yaliyokuja baadaye.

Februari 2004 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Wiki ya Pasaka Norbert alikuja bila kupiga simu, akaketi kando ya kitanda.

"Haya. Kama hakuwa jenerali, alikuwa nani?"

"Mtoto wa kibarua, kaka. Alikamua ng'ombe wa wakwe zake mpaka watu wakalisahau jina lake."

Wakati huohuo Verlin aliingia na buti za tope, ametoka kukamua. Norbert alizitazama buti zile.

"Kumbe sisi sote ni wajukuu wa mgeni," akasema.

"Ndiyo hivyo. Na soseji umekula," Leona akamjibu. Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwatuliza.

Leona alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Mei 2004. Ameacha mume, Verlin, watoto, Rosalie na Dale, wajukuu watano, na kaka yake, Norbert.

Jana jioni, kwenye rozari, Verlin alikwenda kuketi nyuma pamoja na akina Pruitt wenzake. Norbert alimfuata, akamshika mkono mbele yetu sote.

"Benchi la mbele ni la wenye shamba, shemeji. Twende, nami unisogezee nafasi kidogo."

Leona apumzike kwa Bwana, na huko ajibiwe maswali yake yote yaliyosalia.