Ndovu Amemwachia Mungu

Basi lilipotoka Voi, mama mmoja wa Makwasinyi alikuwa bado anampigia mumewe simu isiyojibiwa. Alimweleza jirani yake wa kiti, mama mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, kwamba ndovu walionekana jana karibu na shamba lake, na mahindi yamekauka yanangoja kuvunwa.

"Dada, kwani hilo shamba hujalikabidhi kwa Bwana?"

"Nililikabidhi Jumapili, kanisa lote likishuhudia."

"Sasa simu za nini?"

"Mungu nimemwachia ndovu. Mume wangu, Baba Mbinya, nimemwachia kupiga debe usiku ndovu wakimbie. Mungu halali. Baba Mbinya namjua."

Mimi, kwenye kiti cha ng'ambo yao, nilikuwa nimefungua gazeti, lakini kwa heshima ya mazungumzo hayo sikugeuza ukurasa.

"Hiyo ni imani nusu," jirani akasema. "Mimi wasiwasi wangu wote nilishamtwika Yesu. Nalala kama mtoto."

"Una shamba?"

"Nina duka, hapo Voi."

"Ndovu hawanunui sukari, dada."

Tulipokaribia Maungu, simu ikaita. Mama wa Makwasinyi aliitazama, kisha akamsukumia mwenzake. "Ni yeye. Nipokelee wewe usiye na wasiwasi."

Jirani aliishika kama sufuria iliyotoka motoni. Akaiangalia ikiita, akaniangalia mimi, akafumba macho.

"Kwanza tuombe," akasema.

Basi liliposimama Maungu, kondakta aliwaita wa Makwasinyi na Kasigau yote washuke. Maombi hayakuwa yamefika amina, na simu ilikuwa imeanza kuita upya.