Kyule Muthama na Macho Aliyoyafuta

Tunayemsindikiza leo ni kaka yangu mkubwa, Kyule Muthama, mchoraji. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 mjini Kajiado, kifungua mimba wa Mzee Muthama, aliyekuwa mchimba mawe, na Mama Mbeke. Mimi, Maweu, ndiye niliyemfuata.

Alisoma hapo hapo Kajiado hadi kidato cha nne, mwaka 1997. Akiwa darasa la sita alimchora mwalimu mkuu kwa kipande cha makaa kwenye tangi la maji, tumbo likiwa vilevile lilivyokuwa. Alichapwa viboko vinne. Jioni mwalimu akamwita kando, akamwomba amchoree nyingine kwenye karatasi, ila tumbo lipunguzwe.

Mwaka 2003 alifungua kibanda Kitengela. Alichora waimbaji na wanariadha mashuhuri, akichanganya makaa, penseli na chaki za rangi kwenye karatasi moja. Kila mara alianza na macho. "Macho ikikataa, hiyo ingine ni kuharibu chaki," alizoea kusema.

Tarehe 6 Desemba 2008 alimwoa Shiro, binti ya Mzee Mbugua wa Embulbul. Walijaliwa Ndanu na Mbuvi. Ndanu alitutoka kwa nimonia Agosti 2018, akiwa na miaka minane. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu ya baba yake, na simu hiyo ilipotea katika pilkapilka za matanga. Hatukubaki na sura ya mtoto.

Mwaka uliofuata, kamati ya mkutano wa injili, ambayo mimi nilikuwa katibu wake, ilimwagiza picha ya mwimbaji Rachel Parmuat, ndefu kama mlango. Kyule alianza na macho, na macho yaliyotokea yalikuwa ya Ndanu. Akachora nywele na shanga bila kuyagusa tena. Shiro alipoiona aliketi sakafuni akalia. "Baba Ndanu, hii usiwape," alimwambia. "Wachoree ingine."

Kesho yake Kyule aliyafuta, akachora ya Rachel. Picha ilisifiwa sana.

Tangu hapo alijaribu kumrudisha mtoto kwenye karatasi, na hakuweza. Aliweka kigoda mbele ya ubao wake, na wateja hawakuruhusiwa kukikalia. Nilimsikia mara nyingi akikiambia, "Tulia kidogo, mama. Umesonga." Niliogopa kuingia. Shiro alipomuuliza kwa nini aliyafuta, alijibu, "Nilikosea tu." Kwa miaka sita hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2024. Alifariki hospitalini Kajiado tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, vidole vyake vikisugua shuka kama anayelainisha chaki.

Amewaacha Mama Mbeke, mkewe Shiro, mwanawe Mbuvi, nami.

Haya yanayofuata hayamo kwenye programu mliyoshika. Shiro, asubuhi ile macho yalipofutwa, nilifika kibandani kabla yako. Nilimwambia, "Bro, huyu si Rachel. Kamati itanicheka. Futa hiyo macho, Ndanu alishaenda." Akachukua kifutio. Ulimlaumu miaka yote hiyo, naye hakunitaja hata siku moja.

Kaka yangu, pumzika kwa amani. Lawama niachie mimi.