Siku Ugonjwa Wangu Ulipopata Jina

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi akina baba mliokaa kule mlangoni, ingawa ninayoyasema leo ni mambo ya akina mama. Nitasema kwa adabu, lakini nitasema, maana kunyamaza kulinitesa miaka sita.

Mnanijua kama Kadzo muuza mahamri. Hamjui nilivyofika Malindi. Asubuhi moja nilitoka Mtwapa bila kujua niendako. Nilisimama barabarani na kifurushi changu, nikajiambia gari la kwanza kusimama, liwe la kwenda juu au chini, ndilo langu. Likasimama lori la saruji lililoelekea Kilifi, nikapanda nyuma. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la tano. Nimebangua korosho, nimekwangua chumvi, nimefua nguo za watu. Watu walisema Kadzo hatulii, nyayo zinamwasha. Ndugu zangu, laiti wangejua kilichowasha!

Nilikuwa nikiwashwa sehemu za siri, usiku na mchana. Ngozi ya pale ilikuwa imegeuka nyeupe, nyembamba, yenye mikunjo kama karatasi ya sigara. Ilichanika kwa kuguswa tu, na haja ndogo ilichoma kama pilipili. Nikaamini nimechafuka, mimi ambaye sikuwa na mwanamume! Basi nikajisafisha. Mnajua sisi wa pwani tunavyojisafisha. Sabuni ya kufulia asubuhi na jioni, maji ya shabu, lile jiwe jeupe linalokaza ngozi, baada ya sabuni, halafu kujifukiza udi juu ya chetezo kama bibi harusi. Ikizidi kuwasha, naongeza shabu.

Sasa, nyumba za kupanga zina bafu moja. Mwanamke anayekaa bafuni muda wote huo, kisha anatoka akichechemea, hawezi kujificha. Kila nilipohamia, nilifungua nusu ya kifurushi tu, maana nilijua siku ya kufukuzwa inakuja. Kule Mtwapa siku hiyo ilikuja jirani alipokuta kitambaa changu chenye damu kwenye kamba. Akasimama uani akapaza sauti: "Jamani, msichangie beseni na huyu! Ana ugonjwa wa kwenye mabaa!" Uani wote ukacheka. Ndiyo maana asubuhi ile nikapanda lori.

Mungu wangu alikuwa ananingoja kwenye foleni ya feri! Pale Mnarani, tulipongoja kuvuka kwenda Kilifi siku hizo kabla ya daraja, abiria wote walikaa chini kivulini. Mimi nilisimama, kwa kuwa kukaa kulikuwa sawa na kukalia makaa. Mama mmoja mnene, aliyevaa sare ya unesi chini ya leso, akanitazama kwa muda mrefu.

"Dada, mbona hukai? Unangoja uletewe kiti cha bwana DC?"

"Niko sawa, mama."

"Mtu aliye sawa hasimami hivyo. Nimefanya kazi hii tangu wewe hujavunja ungo. Niambie."

Nikamwambia! Sikuwahi kumwambia mtu, hata mama yangu. Nilitarajia asogee mbali. Alisogea karibu. Feri ilipotuvusha, akanishika mkono mpaka zahanati alikofanya kazi, akaingia nami kwa daktari, mwanamke mtaratibu mwenye miwani. Akanikagua bila kukunja uso, kisha akauliza ninajiosha kwa nini. Nikahesabu kwa majivuno: sabuni, shabu, udi. Yule nesi akashika kichwa.

"Maskini! Umejikaanga kama korosho!"

Nikalia. Halafu nikacheka, ndugu zangu, nikacheka na machozi yanatoka.

Daktari akasema ugonjwa huu unaitwa lichen sclerosus. Nikamwomba aliandike jina hilo kwenye kadi yangu, na ninayo mpaka leo. Mimi shule sikumaliza, lakini kuuliza hakuna aliyenifundisha kuacha. Ni zinaa? Hapana. Unaambukiza kwa beseni, kwa bafu? Hauambukizi kwa njia yoyote. Ni uchafu? Si uchafu, na kusugua kunaumiza zaidi. Nimerogwa? Akatabasamu. Ni ngozi inayovimba na kuharibika. Chanzo chake hakijulikani vizuri, ila huenda kinga ya mwili inaishambulia ngozi yake yenyewe. Utakwisha? Akaniambia kweli, na kwa kweli hiyo nampenda: hauishi, ila unatulizwa. Akanipa marhamu yenye nguvu, ya kupaka kidogo sana kila siku kwanza, kisha kupunguza kama atakavyoelekeza. Niache sabuni, shabu na udi pale, nioge maji matupu. Nirudi kuangaliwa, maana mara chache huzaa saratani, na kidonda kisichopona kisingojwe.

Wapo waliotaka nije kuwaambia ugonjwa umetoka wote. Sitadanganya madhabahuni. Kuwashwa kulitulia baada ya wiki chache, na marhamu bado ninayo. Lakini ile aibu, ile hofu ya bafu la watu, iliachwa ng'ambo ya Mnarani siku ileile! Haleluya!

Dada yangu unayesikia haya ukiwa umebana miguu, najua. Mwamini Bwana, na kesho uende hospitali. Usijipikie dawa. Aliyeniweka kwenye foleni ile atakuweka na wewe mbele ya mtu wa kukusikiliza.

Jioni ile nikapanda gari jingine mpaka hapa Malindi, mtaa huu wa Shella. Nikaelekezwa kwa Bi Zuhura, mwenye asili ya Lamu, aliyekuwa na chumba. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia, akaanza maswali.

"Watoka wapi? Una mume? Una maradhi?"

Swali hilo nililijibu kwa uongo kila nyumba. Nikatoa kadi. "Ninayo, bibi. Ni ya ngozi, sehemu za siri. Hayaambukizi, ila udi nimekatazwa. Jina lake hili hapa."

Akaigeuza kadi juu chini, ingawa hakujua kusoma. Akanirudishia.

"Aliye na maradhi akasema, huyo naweza kuishi naye. Ingia, mwanangu. Ila nikifukiza udi, wewe ukae mbali."

Nikaingia. Nikafungua kifurushi chote, nikakung'uta kitambaa cha kukifungia, nikakitandika mezani. Ni mwaka wa tatu sasa, na bado kiko pale pale mezani. Bwana asifiwe!