Bethia Tarbox, Aliyemtuma Mumewe Nje

Ndugu waombolezaji na majirani zetu, ahsanteni kwa kusimama nasi kwenye baridi hii. Maneno haya yameandikwa na binti wa marehemu, Mehitabeli, ambaye ndiye anayewasomea. Marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe yote, bila kupunguzwa.

Marehemu Bethia Gedney Tarbox alizaliwa tarehe 14 Februari 1738 hapa hapa Boston, karibu na gati la kaskazini. Baba yake alikuwa Nathan Gedney, fundi matanga, na mama yake Hefziba. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Elifaleti, nao walikuwa chanda na pete. Jioni ya tarehe 5 Novemba 1747, vijana walipokuwa mitaani kuchoma masanamu ya Papa na makelele yao ya kila mwaka, nyumba ya akina Gedney ilishika moto. Kengele ya kanisa iligongwa. Majirani wakasema, "Ni vijana tu," wakaendelea kula. Walipokuja kutoka na ndoo zao, Elifaleti alikuwa amekwisha kuteketea. Alikuwa na miaka sita. Dada yake alisimama barabarani bila viatu akimsikia. Marehemu hakuwasamehe majirani wale mpaka wa mwisho wao alipozikwa, na wengine walikuwa watu wema kabisa.

Alisoma kwa Bibi Prudensi Lyde, aliyefundisha watoto jikoni kwake. Alijifunza kusoma Biblia na kushona. Kuandika hakufundishwa, kwani siku zile watu waliuliza, msichana ataandika nini? Angekuwa amefundishwa, huenda mengine ya leo angeyaandika zamani.

Kazi yake ilikuwa kuoka. Mnamjua kwa tanuri lake, na wengi wenu mmekula kutoka humo. Kila Jumamosi majirani walimletea vyungu vya maharage na nyama ya nguruwe, maana jua likizama Sabato yetu ya Jumapili imeingia na hakuna wa kuwasha jiko. Alikijua kila chungu kwa ufa wake. Askari wa Mfalme wa Uingereza walipoletwa mjini mwaka 1768, mmoja wao aliingia akafunua chungu ili anuse. Marehemu alimchapa mkononi kwa ule ubao mrefu wa kutolea mikate.

"Weka hapo! Hicho ni cha mjane."

"Samahani, mama. Nilidhani ni cha tajiri."

Jumamosi iliyofuata askari yule alileta chungu chake mwenyewe, naye akamwokea. Watu walimsema sana. Yeye alijibu kwamba njaa haivai sare.

Tarehe 12 Mei 1757 aliolewa na Jabezi Tarbox, fundi mapipa. Jabezi aliitwa nyumbani kwao kutengeneza pipa la maji, akarudi mara tatu kwa sababu pipa lilikuwa bado linavuja. Mara ya nne Bibi Hefziba alimwambia bintiye, "Mwanangu, ama huyu si fundi, ama ana shida na wewe. Muulize." Walijaliwa watoto wawili, Asa mwaka 1758 na Mehitabeli mwaka 1761. Jabezi alikuwa mpole, mcheshi, na mzito wa kutoka akishavua viatu. Lakini kila kengele ya moto ilipolia, mkewe alikuwa mlangoni tayari, ameshika ndoo mbili za ngozi za kuzimia moto, zenye jina la nyumba. Hakukosa hata mara moja.

Sasa tunafika Jumatatu, tarehe 5 Machi 1770. Kuna watu wameomba sehemu hii isisomwe. Shemasi Pelegi Winslade alikuja nyumbani juzi, akakaa, akanywa alichopewa, akasema, "Binti yangu, mji huu umesimama juu ya watu kama baba yako. Usituvurugie." Alijibiwa kwamba marehemu ameagiza. Shemasi yupo hapa leo, amevaa glavu za msiba tulizompa, na tunamshukuru kwa kuja.

Usiku ule, yapata saa tatu, theluji ikiwa chini na mwezi juu, kengele zilianza kulia. Jabezi alikuwa anakula uji wa mahindi na maziwa, miguu ndani ya maji ya moto. Hakuinuka.

"Si moto huo, mama Asa," alisema. "Ni vijana na askari. Wanatafutana tangu Ijumaa walipopigana kule kwenye kiwanda cha kamba."

"Umejuaje kwamba si moto?"

"Nimesikia kazini. Kila mtu anajua."

"Majirani zetu nao walijua. Elifaleti akaungua wao wanajua."

"Bethia, miguu yangu imelowa."

"Basi nitakwenda mimi, watu waone mwanamume wa nyumba hii amekaa."

Jabezi akavaa viatu. Marehemu akampa ndoo, akamfungulia mlango na, kwa maneno yake mwenyewe, akamwekea mkono mgongoni akamsukuma. Ndoo zile Jabezi alizijaza maji kwenye kisima cha kona. Alipofika Mtaa wa King akizibeba, akiuliza moto uko wapi, askari walifyatua risasi kwenye umati. Watu walianguka kwenye theluji. Jabezi alipigwa kwenye nyonga. Alirudishwa nyumbani juu ya mlango uliong'olewa, na hakutembea tena.

Kisha wakaja waheshimiwa wa mji. Waliandika kwamba Jabezi Tarbox alisimama mbele ya bunduki kudai haki za watu wake. Marehemu alitaka kusema kweli siku ile ile. Mumewe alimshika mkono wageni walipotoka.

"Waache, mke wangu. Aliyekwenda kuzima moto ambao haupo ni mjinga. Aliyekwenda kupigania haki ni shujaa. Mimi sitoki kitandani hapa. Unataka nilale humu mjinga?"

Marehemu akanyamaza. Ndugu zangu, alinyamaza kwa kumpenda, na lisemwe hivyo. Kila mwaka ifikapo Machi walimbeba Jabezi kwenye kiti mpaka penye hotuba ya kuukumbuka usiku ule, watu wakamtazama, wakalia, wakakunja ngumi. Asa alikuwa anatembea kando ya kiti. Jabezi alifariki tarehe 9 Oktoba 1774.

Aprili mwaka uliofuata vita na Mfalme vilianza, na Asa akataka kutoroka mjini kwenda kujiunga na wenzake ng'ambo ya mto. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mama yake alimkuta anafunga kifurushi.

"Asa, keti. Kuna jambo kuhusu baba yako."

"Najua, mama. Baba hakuogopa. Na mimi siogopi."

Alimtazama uso wake, akakosa mdomo wa kumvunja moyo. Akamfungia mkate. Asa aliuawa tarehe 17 Juni 1775 kwenye kilima cha Charlestown, na mwili wake hatukuupata.

Marehemu aliishi miaka ishirini na miwili baada ya hapo, akioka. Novemba iliyopita miguu ilianza kuvimba na pumzi kukata, na daktari alisema moyo umechoka. Desemba, akiwa ameegemea mito, alimwambia bintiye habari yote hii tangu mwanzo, akilia.

Binti akasema, "Nilijua, mama."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu usiku ule. Mlidhani nimelala."

Marehemu alifuta machozi kwa ncha ya shuka. Kisha akasema, "Basi na wewe ulimwacha Asa aende."

Binti anakiri hivyo leo mbele yenu. Alikuwa na miaka kumi na minne kaka yake alipoondoka, anajua kusema, na alisimama pale pale akimshikia kamba ya kifurushi. Alipenda kuwa mtoto wa shujaa. Mama yake alimpapasa kichwani, akasema, "Usiniandike peke yangu, basi. Tuandike wote wawili."

Bethia Gedney Tarbox alifariki Jumatatu, tarehe 22 Januari 1798, alfajiri, akiwa na miaka hamsini na tisa. Ameacha mkwe wake, Obedi Sprague, na wajukuu wanne, Hefziba, Nathan, Keturah na Asa mdogo. Ameacha binti mmoja, ambaye alijua na hakusema.

Mungu amlaze Bethia mahali pema na kumpa pumziko alilolikosa nyumbani kwake.